Mkasi wa Mnyororo na Meno Yangu Manne

Kama meno yako ya mbele yameanza kucheza na wewe bado ni kijana, soma hapa kabla hujakubali kukaa kwenye kile kiti. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Binti yangu wa kwanza, Kaltuma, alikuwa na miezi minne. Asubuhi moja ya mvua za masika nilikuwa nikimnyonyesha, ulimi wangu ukagusa jino la juu la mbele, na jino likasogea. Halikuuma. Lilisogea tu, kama kifungo kilichobakiza uzi mmoja. Nikagusa la pili yake. Nalo likasogea.

Watu wakisimulia maradhi yao husema waliogopa, walilia, walisali. Mimi nilikasirika. Hasira hiyo bado ninayo na ndiyo inayoandika.

Tulikaa Bukoto, vyumba viwili, mimi na mume wangu Ramadhani na mama yake, ambaye nyumbani sote tunamwita Haboba, ndiyo bibi kwa Kinubi chetu. Ramadhani alikuwa dereva wa lori, akienda Mombasa petroli ikipatikana, na isipopatikana akilala uvunguni mwa lori akijifanya anatengeneza kitu. Kwa hiyo mshahara wangu wa kushona ndio uliokuwa wa uhakika. Majirani hawakuamini. Wakati ule wa Serikali ya wanajeshi, ukiwa Mnubi kila mtu alidhani una mjomba mwenye nyota mabegani na gunia la sukari chini ya kitanda. Mjomba sina. Sukari nilipanga foleni kama wao, na nyuma yangu wakinong'ona, "Huyu naye anapanga foleni ya nini?"

Haboba alitazama meno yangu kwenye mwanga wa mlango.

"Mtoto ameyanyonya," akasema.

"Mtoto ananyonya ziwa, Haboba."

"Ziwa linatoka wapi? Mimi kila mimba iliondoka na jino. Nina watoto watano, hebu hesabu." Akafungua kinywa. Sikuhesabu.

Nikaenda hospitali. Kliniki ya meno ilikuwa na benchi moja refu na dirisha moja lililovunjika, limezibwa kwa boksi. Madaktari walikuwa watatu zamani. Wawili walikwenda Nairobi likizo na likizo haikuisha. Alibaki Daktari Mulondo, mzee mwembamba mwenye macho mekundu, na watu arobaini mlangoni kila Jumanne. Nilikaa kwenye benchi hilo tangu saa moja mpaka saa nane, Kaltuma mapajani, nikisikiliza kelele za ndani. Mwenzangu wa pembeni alikuwa mama mmoja wa Ntinda, shavu limevimba kama papai. Aliniambia nikitoka nisukutue kwa maji ya moto na chumvi. Nikamwambia chumvi nimeiona mara ya mwisho kabla sijajifungua. Akafungua pindo la kanga yake, akanigawia nusu ya fundo lake la chumvi, hakutaka asante. Namkumbuka zaidi ya ndugu zangu wengi.

Daktari Mulondo aliniuliza ninakula nini. Nikamwambia: matoke, ugali wa posho, maharage, muwa nikipata. Akauliza kama ninapiga mswaki. Ndiyo. Kisha akainama, akauliza kwa sauti ndogo kama kuna mtu amenipiga mdomoni. Siku zile swali hilo liliulizwa kwa sauti ndogo. Nikasema hapana, hakuna. Akayakwangua meno na fizi mpaka kinywa kikajaa damu, akanipiga picha ya eksirei, akaishika dirishani.

"Mfupa unaoshika meno umeliwa," akasema. "Haya manne ya juu hayana pa kusimama. Tutayatoa."

"Yote manne?"

"Nikiliacha moja litakusumbua peke yake."

"Na utaniwekea ya bandia?"

Akacheka bila furaha, akaniita nyabo, ndiyo mama kwa Kiganda. "Vifaa vya kutengenezea sijaviona mwaka wa pili. Utazoea, nyabo. Watu wanazoea."

Akaandika kwenye kadi yangu: kutoa manne, Jumanne ya kwanza baada ya Idi. Ilibaki miezi mitatu na kidogo, foleni ilikuwa ndefu hivyo, na mpaka hapo nije kila mwezi kukwanguliwa fizi.

Nilitembea kwa miguu mpaka Bukoto nikiwa nimefunika mdomo kwa mtandio. Nyumbani, Ramadhani alijaribu utani. "Si kitu, Mama Kaltuma. Nitakuwa nakutafunia." Nikamwambia aanze kwa kutafuna maneno yake kabla ya kuyatoa. Lakini nilimwona baada ya hapo. Nikisema naye, alitazama paji la uso wangu, au mlango, au mtoto. Alikuwa haniangalii mdomo. Mwanamke unajua mume wako anaangalia wapi. Na Haboba alikuwa akimwambia kila siku, nami nikisikia, kwamba kung'oa ni kung'oa, nifanye haraka, nisimwambukize mtoto kwa mate.

Sasa nieleze kazini, maana ugonjwa wangu ulikuwa huko na mimi sikujua. Duka letu la kushona lilikuwa mjini. Lilikuwa la Mhindi mpaka Wahindi walipofukuzwa, kisha likapewa sajini mstaafu ambaye hakuwahi kutunga uzi kwenye sindano. Watu wa aina yake tuliwaita mafuta mingi. Yeye tulimwita Afande. Simtaji jina. Akisoma hapa atajijua, ila Afande hasomi. Wasichana tulikuwa sita, cherehani sita, meza moja ya kukatia, na mkasi mmoja. Mkasi wa pili ulipopotea, na mwingine haupatikani Kampala nzima, Afande aliufunga huu uliobaki kwa mnyororo mfupi na kufuli kwenye mguu wa meza. Kuja na mkasi wako mwenyewe ilikuwa marufuku. Alipekua vikapu mlangoni, na ukikutwa na mkasi wewe ni mwizi wa kitambaa. Nyembe nazo zilikuwa adimu, waume walinyolea mpaka zinakuwa butu kama vijiko. Basi tulikata uzi kwa meno. Unauma uzi, unavuta kwa mkono, paa, unaendelea. Pini nazo tulizibana kwa meno hayohayo. Siku nzima, miaka miwili. Kwetu hilo lilikuwa sawa na kupenga kamasi, nani anakwenda kumwambia daktari?

Mwezi wa tatu wa kuja kukwanguliwa fizi, na mfungo wa Ramadhani umeshaanza, nilimkuta Daktari Mulondo na kijana mrefu aliyevaa shati lenye kifungo kimoja kinachoning'inia. Jina lake Kizito. Alifundisha uhandisi chuo kikuu, na alikuwa amemwomba Daktari mgonjwa wa kujaribia hesabu zake.

"Nyabo, mimi si daktari," akasema kwa Kiswahili cha Kampala kilichokuwa kikivunjika njiani. "Mimi ni mtu ya madaraja."

"Basi umepotea. Hapa hakuna mto."

Daktari alicheka kwa furaha mara ya kwanza tangu nimjue. Kizito hakukasirika. Alifungua karatasi ya miraba. Alikuwa amechora meno ya mbele yakitazamwa kwa mbele, na mfupa unaoyashika, yote ameyagawa pembetatu ndogondogo. Akaeleza kwamba iko mashine, kompyuta, ambayo mchana inahesabu mishahara ya Serikali, na ikipumzika wanamruhusu kuitumia. Anatoboa kadi, kila kadi inaieleza mashine pembetatu moja iko wapi na imeshikana na ipi. Halafu anaiambia: sukuma jino hapa kwa nguvu hii. Mashine inamjibu kila pembetatu imebanwa au imevutwa kiasi gani. Amekwisha kufanya hivyo kwa daraja. Anataka kujua kama mfupa nao unakubali. Na ikijulikana mzigo unaangukia wapi, huenda ukaondolewa na meno yakabaki.

Nilishika ile karatasi. Nimesoma hadi kidato cha nne, sikuwa mgeni wa pembetatu. Lakini nilichoona si hesabu, niliona gauni.

"Hivi ni vipande," nikasema. "Unavishona kwenye pembe, unavuta, unataka kujua mshono utafumuka wapi."

"Ee. Hivyo hivyo."

"Mbona hapa vipande ni vikubwa?" Nikamwonyesha shingo ya jino, pale linapoingia kwenye mfupa. "Kwapani hatushoni hivi. Panapovutika ndipo unapopunguza hatua ya sindano."

Akanitazama, akatoa penseli, akaanza kufuta. "Nani alikufundisha hii?"

"Kwapa."

Wiki mbili baadaye aliniita kwenye jengo la ile mashine. Picha yangu ya eksirei alihitaji kuilinganisha na majibu, na hospitali haikuitoa ila mkononi mwa mgonjwa. Askari wa mlangoni alipekua kikapu changu mpaka kwenye nepi, akanusa alichostahili kunusa. Nikakaa kwenye ukumbi mwembamba. Nyuma ya kioo mashine ilikuwa na chumba chake chenye hewa baridi, imefunikwa na kuangaliwa kuliko mgonjwa yeyote niliyemwona hospitalini. Nilikasirika kidogo na hilo pia.

Kizito alitoka na karatasi ndefu iliyokunjwakunjwa, yenye matundu pembeni, namba juu ya namba. Uso ulikuwa umeanguka.

"Hesabu na picha havikubaliani," akasema. "Nimesukuma jino kama mtu ya kula. Mashine inasema mfupa umebanwa sawa pande mbili. Lakini picha, tazama, upande mmoja tu ndio umeliwa. Jino la kushoto, upande huu. Kwa nini upande mmoja?"

"Unaniuliza mimi?"

"Mashine imekataa kunijibu."

Idi ilikuwa siku tisa mbele. Alisema atatoboa kadi tena, labda amekosea mahali. Kabla hajaondoka umeme ukakatika, mashine ikanyamaza, na sote tukabaki tumekaa tu. Kaltuma akalala. Na kile kifungo cha shati la Kizito kilikuwa kimeninyima raha tangu siku ya kwanza. Nilikuwa na sindano yenye uzi kwenye ukosi wa gauni, kama siku zote.

"Njoo hapa," nikamwambia. "Mtu wa madaraja, kifungo kinakushinda."

Nikakishona akiwa amelivaa shati, nikapiga fundo, nikainama nikauma uzi nikavuta. Jino likazunguka kwenye fizi. Maumivu yalipanda mpaka jichoni, na damu ikadondoka kwenye shati lake jeupe.

Kizito hakutazama shati. Alitazama mkono wangu, ulikokuwa umeelekea.

"Fanya tena," akasema.

"Nifanye nini tena? Nina damu kinywani."

"Bila uzi, nyabo. Nionyeshe tu. Unavuta wapi?"

Nikamwonyesha. Kulia. Sikuzote kulia, mkono wangu wa kulia.

"Kwa siku unafanya mara ngapi?"

Nilianza kuhesabu. Mapindo, vifungo, kola. Nikaacha kuhesabu, kwa sababu nilielewa, na nilitaka kumpiga mtu na pale alikuwepo yeye tu, ambaye hakuwa na kosa. Nililia kidogo. Mara hiyo moja.

Alitoboa kadi upya. Safari hii hakusukuma jino kwa juu, alilivuta kwa pembeni. Siku nne kabla ya Idi alikuja kliniki anakimbia. Akatandaza karatasi kwenye meza ya Daktari Mulondo, akaweka penseli kwenye pembetatu zile za shingo ya jino, zile ndogo tulizozipunguza. Upande mmoja namba zilikuwa zimeruka. Upande wa pili zilikuwa kimya. Ulikuwa upande uleule wa kwenye picha.

"Mashine haijawahi kung'oa jino," akasema Daktari.

"Ndiyo maana haina haraka," nikasema.

Akaniuliza mbona sikumwambia habari ya uzi. Nikamwambia aliniuliza ninakula nini, na uzi siuli. Tulikosea wote wawili, lakini meno yaliyokuwa yakisubiri koleo yalikuwa yangu.

"Fizi zako ni mbaya tangu ujauzito, hilo ni kweli pia," akasema. "Lakini nitakupa miezi mitatu. Nitafunga meno pamoja kwa waya ili yasaidiane mzigo. Hutauma kitu kwa mbele. Muwa, mahindi, hata kidole cha mtoto. Ukikata uzi mmoja, usije kulia hapa."

"Sitalia."

"Najua. Utapiga mtu."

Jumanne ile baada ya Idi nilikaa kwenye kiti nikatoka na waya badala ya mapengo. Ladha yake ni kama kulamba sarafu. Ulimi wangu ulichubuka wiki nzima. Haboba akasema nimefungwa kama mbuzi aliyenusurika sikukuu.

Ila uzi bado ulikuwa kazini, na mkasi bado ulikuwa kwenye mnyororo. Siku mbili niliinuka kwa kila uzi, nikatembea hadi meza ya kukatia nikiburuta gauni la watu, nikarudi. Siku ya tatu Afande alisema nguo zangu ni chache na kesho nisije. Kuacha kazi sikuweza, lori la Ramadhani lilikuwa juu ya mawe. Asubuhi yake nilikuja, na nilikuja na karatasi ya Kizito.

Niliitandaza juu ya meza ya kukatia, yote, mpaka ikaning'inia pande mbili. Wasichana wakaacha cherehani. Nakku, rafiki yangu, alinikanyaga mguu ili ninyamaze. Afande alikuwa na bastola kwenye droo, na tulijua watu waliochukuliwa kwa maneno machache kuliko niliyokuwa nayo.

"Hii nini?" akauliza.

"Karatasi ya mashine ya Serikali, Afande."

"Mashine gani?"

"Inayohesabu mishahara. Na pensheni."

Mkono wake ulikuwa umekwenda kwenye karatasi, ukarudi. Pensheni yake ilitoka mahali, hakujua wapi, na sasa mahali hapo palikuwa mezani pake.

"Jina yangu iko hapa?"

"Mashine haiandiki majina. Namba tu."

Akaziinamia zile namba kana kwamba moja itamsalimia. "Inasema nini?"

"Uzi usikatwe kwa meno." Mpaka hapo ilikuwa kweli tupu. "Mkasi ufunguliwe." Hapo niliisaidia mashine.

Akainua kichwa. "Wewe Mnubi. Nani ako nyuma yako?"

Nyuma yangu alikuwa Nakku, na cherehani. Lakini kwa mara ya kwanza ule uvumi wa mjomba ulinifaa. Nilianza tu kuikunja karatasi polepole, kama mtu ambaye ataipeleka alikoitoa.

Hakuufungua, hapana, hakuwa mtu wa kufungua. Mchana alikwenda kwake Mbuya akarudi na mnyororo mrefu wa mbwa. Mkasi ukafika cherehani zote sita. Na kila mwisho wa mwezi alinisogelea akauliza taratibu, "Pensheni inaenda vizuri?" Nikamwambia, "Namba ziko sawa, Afande."

Miezi ile mitatu ya waya haikuwa myepesi. Wa pili ulipoanza, jino la kushoto, lile baya zaidi, lilitunga usaha na Daktari akalitoa. Alilitoa kwa ganzi kidogo, kwa kuwa ganzi nayo ilikuwa kidogo. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika mengine yatafuata. Ulikuwa msimu wa nsenene, panzi wale wa Novemba, watoto wa Bukoto wanawakimbiza kwenye taa, na nyumba nzima inanukia kukaanga. Haboba hakusema nilikuambia. Aliketi jikoni, akapukuchua mahindi ya kuchemsha punje kwa punje kwenye bakuli langu. Kesho yake akakata muwa vipande vidogo kama sukari guru. Alifanya hivyo kila siku mpaka waya ilipotoka, na mpaka leo hatujalizungumza.

Waya ilitoka kabla ya mwaka mpya. Daktari Mulondo aliyashika meno matatu kwa vidole, moja moja, akayatikisa. Mimi nilishika mikono ya kiti. Akatikisa tena kwa nguvu zaidi, kama mtu asiyeamini mlango umefungwa. Akapiga picha mpya, akaiweka dirishani kando ya ile ya zamani, akamwita Kizito. Walisogeleana vichwa. Kisha Daktari akachukua kadi yangu, akakata neno "manne", akaandika "moja, basi".

Usiku huo Ramadhani alinitazama mdomo. Nikacheka wazi, na pengo langu na yote, na nikamwambia azoee.

Sikuandika ili uende kutafuta kompyuta. Hutaipata, na pengine jino lako halina hesabu kama langu. Ukienda kliniki sema kila kitu kinywa chako kinachofanya kutwa, hata wasipokuuliza. Sema vifuniko vya chupa unavyofungua, pini, kamba, mipira ya baiskeli. Mwambie daktari anayetazama saa asubiri umalize. Na wakikupa tarehe ya kung'oa, uliza kwa nini upande huu na si ule.

Mwezi uliopita alikuja msichana mpya dukani, ambako bado ninashona, wa cherehani ya tatu. Alimaliza pindo lake la kwanza, akainama, akafungua kinywa kuuma uzi. Nakku aliusukuma mkasi, wa pili yake akaupokea akausukuma, nami nikausukuma, na mnyororo ule wa mbwa ukapita mezani ukipiga kelele mpaka ukasimama mbele yake.